Mali na Moshi katika Nchi ya Usukuma

Wasomaji wetu, mtu akipita njia ya Bariadi katika miezi ya kiangazi, huona vitu viwili pamoja: huona mali, na huona moshi. Huona magari yamejaa pamba, na nyumba mpya zilizoezekwa kwa bati mahali palipokuwa na nyasi. Tena huona moshi wa tanuri la mkaa nyuma ya kilima, moshi wa mashamba yanayochomwa, na moshi wa magari yenyewe. Hata lugha yetu imeviunganisha vitu hivi viwili tangu zamani. Reli ilipofika, watu hawakuyaita yale magari kwa jina la chuma wala la mbio zake. Waliyaita magari ya moshi, maana moshi ndio ulioonekana kwanza, nao ulikuwa alama ya kuja kwa biashara.

Basi twauliza: Je, mali na moshi ni ndugu wa tumbo moja wasioweza kutengana? Au ni wasafiri wawili tu, ambao wamezoea kufuatana njiani? Swali hili si la wataalamu peke yao. Wakuu wa mataifa hukutana kila mwaka kulijadili, na maneno yao huja mpaka mashambani kwetu, tukaambiwa tusikate, tusichome, tupunguze mifugo. Mzee mmoja aliyesikia maneno hayo alisema, "Wenzetu wameshiba, sasa watufundisha kufunga." Neno la mzee huyu lina haki yake ya kujibiwa. Nasi twataka kulijibu kwa habari za nchi yetu wenyewe, kwa kuwa Usukuma imeyaona mambo haya kwa namna tatu mbalimbali, na yote yametokea katika miaka mia na thelathini na zaidi kidogo.

Kwanza yatupasa kujua moshi una nini ndani yake. Ule tuuonao kwa macho ni masizi na mvuke. Lakini pamoja nao hutoka hewa isiyoonekana wala kunuka, nayo huitwa hewa ukaa. Jina lenyewe latufundisha, kwa kuwa ukaa na makaa ni ndugu. Kile kitu cheusi kilicho katika mkaa, wataalamu hukiita kaboni. Nacho kimo katika kila mti, kila jani, kila bua la mtama, na katika udongo mweusi wa mbuga. Kuni zilizo kavu, karibu nusu ya uzito wake ni kaboni. Mtu akichoma kilo 10 za kuni hata zikaisha, zile kilo 5 za kaboni hazikupotea. Zimeshikana na oksijeni ya hewani, zikawa kilo 18 hivi za hewa ukaa, zikapanda juu. Mti unapokua hufanya kinyume cha hayo: huivuta hewa ukaa kwa majani yake, ukaigeuza kuwa shina na mizizi. Basi mti ni kama ghala, na moto ni kama kuufungua mlango wa ghala.

Hewa hii katika kipimo chake cha asili haina madhara. Ni kama blanketi la dunia, na pasipo blanketi hilo dunia ingekuwa baridi mno. Lakini blanketi likizidi unene, alalaye hutoka jasho. Mwaka 1896 Svante Arrhenius, mtaalamu wa Sweden, alifanya hesabu akaonyesha ya kuwa hewa ukaa ikizidi, joto la dunia litazidi. Mwaka 1958 Mmarekani Charles Keeling alianza kuipima hewa hiyo juu ya mlima Mauna Loa katika visiwa vya Hawaii, akakuta sehemu 315 katika kila sehemu milioni za hewa. Kabla ya siku za viwanda zilikuwa 280 hivi. Mwaka 2024 zilizidi 420.

Je, nyongeza hii ilianzia wapi? Ilianza Uingereza. Mwaka 1769 James Watt alipewa hati ya serikali kwa ajili ya ufundi wake wa kuitengeneza mashine ya mvuke iwe bora kuliko ile ya kwanza. Mashine hiyo ilikula makaa ya mawe, yaani kaboni ya misitu ya kale iliyozikwa ardhini miaka mamilioni mengi. Tangu hapo Waingereza waliacha kutegemea nguvu za mikono, za farasi, na za maji ya mto tu. Wakachimba ghala ya zamani wakaichoma. Mwaka 1913 walichimba tani milioni 287 za makaa ya mawe kwa mwaka mmoja, na nchi yao ilikuwa miongoni mwa nchi zenye mali nyingi kupita zote duniani. Mtu aliyeishi siku zile akiulizwa kama mali na moshi ni ndugu, angejibu bila kufikiri kwamba ni ndugu, tena ni pacha. Mji usio na moshi ulikuwa mji usio na kazi.

Na viwanda vile vya Lancashire vilisokota nini? Vilisokota pamba. Hapo ndipo habari za Ulaya na habari za kwetu zinapokutana. Pamba haikumei Lancashire. Ilipasa kutafutwa katika nchi zenye jua. Ndiyo maana mwaka 1902 wenye viwanda wa huko waliunda chama cha kukuza kilimo cha pamba katika makoloni, na baada ya vita vya 1914 hata 1918, nchi yetu ilipokuwa imetoka mikononi mwa Wajerumani na kuingia mikononi mwa Waingereza, mbegu za pamba zilitafutiwa mashamba huku kwetu kwa bidii. Lakini kabla ya kusimulia habari za pamba yafaa turudi nyuma kidogo, kwa sababu nchi waliyoikuta Waingereza ilikuwa imekwisha kupatwa na msiba.

Msiba huo ulikuwa sotoka. Ugonjwa huu wa ng'ombe uliingia Afrika ya Mashariki karibu na mwaka 1890, ukaua mifugo mingi mno. Kwa Msukuma ng'ombe ndiye benki, ndiye mahari, ndiye mbolea na maziwa. Ng'ombe walipokufa, mali ya nchi ilikufa. Mahali palipokosa mifugo na watu, nyasi zilirefuka, vichaka vikafuata nyasi, na mbung'o wakafuata vichaka. Mbung'o huwapa ng'ombe ugonjwa wa nagana, na watu malale. Kwa hiyo wale wachache waliobaki walizidi kuhama, na pori likazidi kuja. Tazameni ajabu hii. Mtu aliyeweka daftari la miti peke yake angeandika faida, kwa kuwa miti iliongezeka na kaboni ikarudi ardhini. Lakini aliyeweka daftari la nyumba angeandika njaa na makaburi. Hii ndiyo namna ya kwanza: mali ilishuka, na miti ikapanda. Wala hakuna mtu mwenye akili atakayetamani miti ipatikane kwa njia ile.

Namna ya pili ilikuja baadaye, nayo ilikuwa kinyume chake. Katika miaka ya 1920 serikali ya Waingereza ilianza vita na mbung'o katika Shinyanga. Mkuu wa kazi hiyo alikuwa Charles Swynnerton, ambaye baadaye aliongoza idara ya utafiti wa mbung'o huko huko Shinyanga, mpaka alipokufa katika ajali ya ndege mwaka 1938. Watu waliitwa na watemi wao, wakaenda na mashoka wakafyeka vichaka. Na nyasi ziliachwa mpaka mwisho wa kiangazi, zilipokuwa zimekauka kabisa, ndipo zikachomwa, ili moto uwe mkali wa kuua vichipukizi. Kazi ile ilifaulu. Mbung'o walirudi nyuma, ng'ombe wakarudi mbele, na watu wakapata mashamba. Hatuwezi kuwalaumu waliofyeka, maana walikuwa wakiokoa watoto wao na mifugo yao.

Mwaka 1928 reli kutoka Tabora ilifika Mwanza, nayo ilipita Malampaka katika nchi ya Maswa. Tangu hapo pamba ya Ntuzu, ya Dutwa, ya Itilima na ya Kanadi ilipata njia ya kwenda baharini. Baada ya vita vya pili kilimo kilizidi kwa kasi. Wataalamu wa Ukiriguru walitoa mbegu zilizovumilia magonjwa, na plau zikakokotwa na maksai, hata mtu mmoja akaweza kulima shamba ambalo zamani lilitaka ukoo mzima. Mwaka 1955 wakulima wenyewe, wakiongozwa na Paul Bomani, waliunganisha vyama vyao vya ushirika kuwa muungano mmoja mkubwa wa nchi za Ziwa, wakauza pamba yao wenyewe na kununua vinu vya kuchambulia. Katika miaka kumi ya 1950 mavuno ya pamba yaliongezeka mara kadhaa. Watu walijenga nyumba, wakapeleka watoto shuleni, wakanunua baiskeli. Na fedha iliyosalia wakaiweka mahali walipozoea, yaani katika zizi.

Lakini kila ekari mpya ya pamba ilikuwa na miti yake iliyong'olewa, na kila zizi lililojaa lilitaka malisho. Mwenye mashamba mawili alifyeka la tatu, kwa kuwa la kwanza limechoka. Udongo wa mbuga uliopinduliwa kila mwaka ulitoa kaboni yake kidogo kidogo, na mvua ikauchukua mtoni. Serikali ya kikoloni iliyaona hayo. Mwaka 1947 ilianza mpango mkubwa wa kuiendeleza Usukuma, ikaamuru watu watengeneze matuta, watie mbolea, wapunguze ng'ombe. Mambo mengi katika amri zile yalikuwa mema. Hata hivyo yaliletwa kwa faini na kwa sauti ya bwana, nao watu waliyachukia, na mwisho wa miaka ya 1950 amri zilikuwa zimelegea.

Basi hii ndiyo namna ya pili: mali ilipanda, na miti ikashuka. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tulikuwa na daftari la marobota ya pamba na la vichwa vya ng'ombe, lakini hatukuwa na daftari la miti wala la udongo. Faida iliandikwa, hasara haikuandikwa. Tukadhani tunapata tu, kumbe tulikuwa tunauza ghala pamoja na nafaka.

Tena katika mambo yaliyopotea kulikuwa na moja lililostahili kutunzwa kuliko yote, nalo ni ngitili. Wasomaji wa nchi nyingine huenda hawalijui jina hili. Ngitili ni sehemu ya ardhi ambayo ukoo au kijiji huifunga wakati wa masika, mifugo isiingie. Nyasi humea, zikakomaa, zikakauka zikiwa zimesimama. Kiangazi kinapokuwa kikali na malisho mengine yamekwisha, hufunguliwa sehemu kwa sehemu, wakaingia kwanza ndama, maksai wa kulimia, na ng'ombe wazee na wagonjwa. Ni akiba ya majani, kama vile ghala ni akiba ya mtama. Na kwa kuwa ardhi hiyo hupumzika, miti nayo humea humo, ikapatikana kuni, nguzo, dawa, asali na matunda ya porini.

Katika miaka ya 1974 na 1975 watu walihamishwa kwenda vijiji vya pamoja. Nia ilikuwa kuwapatia watu shule, maji na dawa karibu. Lakini ngitili nyingi ziliachwa mbali bila mlinzi. Kilichokuwa cha ukoo kikawa cha kila mtu, na cha kila mtu huwa si cha mtu. Katika miaka iliyofuata Shinyanga ilikuwa kavu na tupu, hata watu wakaita sehemu zake jangwa. Nasi tukumbuke ya kuwa Bariadi, Maswa na Meatu zilikuwa ndani ya Mkoa wa Shinyanga mpaka mwaka 2012, mkoa wa Simiyu ulipoundwa. Wanawake walitembea mbali kutafuta kuni, na wengi walipikia samadi kavu na mabua ya pamba, yaani walichoma mbolea ya shamba la mwaka ujao.

Sasa twafika namna ya tatu. Mwaka 1986 serikali, kwa msaada wa Norway, ilianza kazi iliyoitwa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ambayo watu waliifupisha wakaiita HASHI. Hapo mwanzo mabwana miti walipanda miche katika vitalu na kuigawa, wakitumaini kwamba jangwa litashindwa kwa kupanda. Lakini kupanda miti michanga katika nchi kame ni kazi ngumu, na mchwa na ukame haukuwa na huruma. Ndipo wakafanya jambo la hekima: waliwauliza wazee. Wazee wakasema, Kwa nini mpande, na hali mizizi ingali hai ardhini? Fungeni ardhi mtaona. Basi ngitili zikarudishwa. Mipaka ikawekwa na wenyeji wenyewe. Mikutano ya jadi iitwayo dagashida ikatunga sheria, na sungusungu wakazilinda. Aliyeingiza ng'ombe kabla ya wakati alitozwa faini na jirani zake, wala si na mgeni.

Mwaka 1986 ngitili zilizojulikana zilikuwa hekta 600 hivi. Kazi ya HASHI ilipokwisha mwaka 2004, zilikadiriwa kuwa zaidi ya hekta 300,000, katika vijiji 833. Visiki vilichipua, migunga ikarudi, na ndege na wanyama wadogo wakarudi nao. Watafiti walipokwenda kuhesabu faida, taarifa yao ya mwaka 2005 ilisema ya kuwa ngitili ziliwapa watu thamani ya dola 14 za Marekani kwa kila mtu kwa mwezi, katika kuni, nguzo, malisho, asali, dawa na mengineyo. Nayo ilizidi wastani wa matumizi ya mtu wa shamba katika Tanzania ya siku zile. Fedha za miti na nyasi zililipa ada za shule, zikanunua maksai, zikaezeka nyumba. Saa ambazo wanawake walizipoteza kwa kutafuta kuni zilipungua.

Wasomaji, lisimamieni neno hili kidogo. Wakati wa sotoka mali ilishuka na miti ikapanda. Wakati wa pamba mali ilipanda na miti ikashuka. Wakati wa ngitili mali ilipanda na miti ikapanda pamoja nayo. Nchi ni ile ile, watu ni wale wale, udongo ni ule ule. Basi imeonekana wazi ya kuwa mali na moshi hawakuzaliwa na mama mmoja. Ni wasafiri tu. Hufuatana au huachana kwa kadiri ya njia tunayowaonyesha.

Na hayo tuliyoyaona sisi kwa miti, wengine wameanza kuyaona kwa makaa ya mawe. Uingereza, iliyoanza moshi, imeupunguza. Kutoka mwaka 1990 hata 2023 hewa za kuongeza joto zinazotoka katika nchi ile zilipungua kwa nusu hivi, na hali mali yake iliongezeka zaidi ya robo tatu. Mwaka 1882 London ilikuwa na mtambo wa umeme wa kwanza uliochoma makaa ya mawe kwa ajili ya watu wote; na tarehe 30 Septemba 2024 mtambo wa mwisho wa namna hiyo ulifungwa katika Uingereza. Lakini haki yatutaka tuseme na upande wa pili. Vitu vingi ambavyo Waingereza walivitengeneza zamani kwao, siku hizi hutengenezwa China na nchi nyingine, na moshi wake huandikwa katika daftari la huko. Kuhamisha tanuri uani kwa jirani si kulizima. Hata hivyo, wakiondoa hesabu hiyo ya vitu vya kuletwa, bado upungufu ni wa kweli.

Kuna Mjapani mmoja, Yoichi Kaya, aliyeonyesha jinsi ya kupima mambo haya kwa hesabu nyepesi. Jina lake ni rahisi kwetu kulikumbuka, kwa maana kwa Kisukuma na kwa Kiswahili kaya ni watu wa nyumba moja. Na kweli hesabu yake yaweza kufanywa katika kaya yoyote. Asema moshi wote hutoka katika mambo manne yaliyozidishwa: idadi ya watu, mali ya kila mtu, moto unaotumika kuipata mali hiyo, na ukaa uliomo katika moto huo. Ni kama kuuliza: wako walaji wangapi, kila mmoja ala nini, chungu chataka moto kiasi gani, na moto huo ni wa kitu gani? Mtu akitaka kupunguza moshi bila kuwapunguzia watu chakula, atazame maswali mawili ya mwisho.

Tukiifanya hesabu hiyo katika Simiyu, twaona ya kuwa watu wanaongezeka upesi: mwaka 2012 walihesabiwa zaidi ya 1,580,000, na mwaka 2022 zaidi ya 2,100,000. Mali ya kila mtu bado ni ndogo, na ni wajibu iongezeke; asemaye isiongezeke hajalala njaa. Kwa habari ya mafuta, makaa ya mawe na gesi, Mmarekani mmoja hutoa zaidi ya tani 13 za hewa ukaa kwa mwaka, na Mtanzania mmoja hafikii hata nusu tani. Hivyo mzee wetu alisema kweli: si sisi tulioujaza mbingu moshi. Tena sisi tulimao kwa kutegemea mvua ndio tunaoumizwa kwanza mvua inapobadili majira yake. Mwaka 2017 mfuko mmoja wa mataifa uitwao Mfuko wa Kijani wa Tabianchi ulikubali kusaidia kuyaleta maji ya Ziwa Nyanza katika wilaya za Simiyu. Hiyo twaihesabu kuwa haki, wala si sadaka.

Lakini neno la mzee lina upande ambao hakuusema. Ghala letu si makaa ya mawe. Ghala letu ni miti na udongo. Ukaa wetu mwingi hautoki katika mitambo; hutoka shoka linapopita, moto unapofuata, na plau inapopindua. Na hasara ya ghala hili haingoji kufika Hawaii ndipo ipimwe. Huonekana hapa hapa, katika kisima kilichokauka na shamba lililochoka. Mchuma janga hula na wa kwao. Mtu akizuia mkaa kwa sababu Wazungu wamesema, ataacha kuuzuia siku watakaponyamaza. Lakini akilinda ngitili yake kwa sababu ni akiba ya ndama wake, ataendelea kuilinda hata dunia yote ikisahau.

Wala tusidanganyane kwamba kazi imekwisha. Ngitili nyingi ni mali ya watu wenye ardhi; asiye na ardhi hupata kidogo, na kijiji kisipomwachia sehemu yake katika ngitili ya wote, hatakuwa na sababu ya kuilinda. Baba akifa, ngitili yake hugawanywa kwa wana watano, na kila mmoja huona kipande chake ni kidogo mno kukiacha kipumzike. Bei ya pamba ikipanda, jembe huingia. Bei ya mkaa mjini ikipanda, shoka huingia. Ng'ombe nao, wanapocheua, hutoa hewa nyingine iitwayo methani, ambayo kwa uzito ulio sawa huongeza joto kuliko hewa ukaa mara nyingi. Kwa hiyo ng'ombe kumi waliokonda, wasio na maziwa, ni hasara kwa mwenyewe na kwa hewa. Wanne walioshiba wana faida kwa wote wawili. Hili nalo wazee wa Usukuma huona gumu kulikubali, kwa kuwa heshima imehesabiwa kwa vichwa siku nyingi. Hatuwalaumu. Lakini mwenye zizi na aweke daftari, aandike maziwa na ndama, wala asihesabu pembe tu. Kisha aamue mwenyewe.

Na moto wa jikoni pia una hesabu yake. Nyumba nyingi katika Tanzania zingali zikipikia kuni na mkaa. Mwaka 2024 serikali ilitoa mpango wa miaka kumi, kwamba ifikapo mwaka 2034 watu 80 katika kila 100 wawe wanapikia nishati iliyo safi. Tukiutimiza, miti mingi itapumzika, na macho ya mama zetu pia.

Tumalizie kwa habari ya lile gari tulilolianza nalo. Mwaka 2021 ilianza kujengwa reli mpya kutoka Mwanza kwenda Isaka, kuifuata njia ile ya zamani ya Malampaka. Sehemu ya kwanza ya reli za namna hiyo, kutoka Dar es Salaam mpaka Dodoma, ilianza kuchukua abiria mwaka 2024, nayo huendeshwa kwa umeme. Mwaka huo huo bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji, lililojengwa kwa uwezo wa megawati 2,115, lilianza kutoa umeme wake. Umeme wa nchi yetu bado hutoka kwa sehemu kubwa katika gesi pia, kwa hiyo tusijisifu kupita kiasi. Lakini ajaye kusimama Malampaka na marobota yake ya pamba, siku reli ile itakapokuwa tayari, ataliona gari likija bila wingu jeusi juu yake. Na watoto watauliza kwa nini wazee waliliita gari la moshi.

Siku ile Bariadi itakuwa na mali zaidi kuliko leo. Je, watoto hao, wakigeuza macho kutoka relini kutazama vilimani, wataona migunga ya ngitili au wataona mawe matupu? Jibu la swali hilo halimo mikononi mwa Waingereza wala Wamarekani. Limo katika mkutano wa kijiji, siku ya kufunga ngitili, mvua za kwanza zinapoanza kunyesha.